Jinsi ya kuwafungulia wafanyakazi faili za ofisi kupitia kivinjari, wakiwa popote, bila kuwafungulia wezi

Swali ni lile lile, anayebadilika ni muulizaji tu. Leo ni ofisi ya klaringi (ya kutoa mizigo bandarini) Moi Avenue hapa Mombasa, kesho duka la vipuri Changamwe, keshokutwa kampuni ya kupeleka watalii huko Nyali. "Tuna kompyuta moja ofisini yenye folda ya wote. Karani wangu anakaa Mtwapa, nataka aifungue kwa simu au laptopu bila kuja mjini. Nifanye nini?" Na mara nyingi anayeuliza ameshaambiwa na fundi fulani kwamba ni kazi ya dakika mbili: fungua poti 445 (poti ni mlango wa mtandao) kwenye ruta, au 3389, basi.

Usifungue. Poti 445 ndiyo njia ya folda za Windows, na haikukusudiwa kutazamana na dunia nzima. WannaCry, kirusi kilichofunga faili za watu Mei 2017, ilisambaa kupitia njia hiyo hiyo, kwa kasoro ambayo Microsoft ilikuwa imeshaitolea sasisho tangu Machi mwaka huo. Walioumia ni wale ambao hawakusasisha. Nayo 3389, poti ya Remote Desktop (ya kuiendesha kompyuta ukiwa mbali), hugongwa usiku na mchana na programu zinazobahatisha manenosiri. Kama mojawapo iko wazi kwenye ruta yako sasa hivi, kaifunge kwanza, halafu urudi tuendelee.

Tutakachofanya hapa ni kuweka Nextcloud kwenye mashine yako mwenyewe ofisini. Ni programu ya bure iliyochipuka kutoka ownCloud mwaka 2016. Faili zinakaa kwako, na mfanyakazi anazifungua kwa kivinjari chochote kupitia njia moja tu iliyosimbwa, yaani asiyehusika hawezi kusoma kinachopita. Kila mtu ana jina lake, nenosiri lake, na namba ya siri ya muda inayotolewa na simu yake.

Kabla hujaanza kununua vitu, jiulize: kuna mtu ofisini atakayeitazama mashine hii angalau mara moja kwa wiki? Kama hayupo, lipia Google Workspace au Microsoft 365 na usione haya. Hatua za 1, 6, 7 na 10 zitakufaa huko pia. Seva isiyotazamwa ni mbaya kuliko kutokuwa na seva.

Faida ya kuwa na mashine yako, mbali na kutolipa kila mwezi kwa kila kichwa, ni kwamba walio ofisini wanaendelea na kazi hata intaneti ikilegea. Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Kenya nzima intaneti ilikuwa ya kusuasua. Folda iliyo kwenye kabati lako haihitaji kebo ya baharini ili kumfikia mtu aliye meza ya pili.

Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Kompyuta ya kuiacha ikiwaka. Si lazima iwe mpya: deskitopu ya ofisini yenye RAM ya GB 8 na SSD ya kutosha faili zako mara mbili itatosha kwa watu kama kumi na watano. Usitumie kompyuta ambayo mtu anaifanyia kazi nyingine.
- UPS. Stima ikikatika katikati ya kuandika, diski inaweza kuharibika, na hapo utakuwa na shida kubwa kuliko karani wa Mtwapa.
- Diski mbili za nje za nakala rudufu. Nimesema mbili.
- Laini ya intaneti ya waya (faiba), na uwezo wa kuingia kwenye mipangilio ya ruta. Kama ruta imefungwa na kampuni ya intaneti, wapigie mapema.
- Domeni. Kama kampuni ina tovuti yenye .co.ke, unayo tayari. Tutaongeza jina dogo mbele yake.
- Flashi yenye Ubuntu Server 24.04 LTS, mfumo wa bure wa kuendesha seva.
- Orodha ya wafanyakazi na namba zao za simu.

Angalia kasi ya kupandisha, siyo ya kushusha. Faili ikitoka ofisini kwenda kwa karani, kwako inapanda. Laini inayopandisha Mbps 5 itachukua kama sekunde 16 kutoa skani ya MB 10. Watu watano wakivuta skani kama hizo kwa pamoja, kila mmoja atangoja zaidi ya dakika. Wengi hulaumu seva kumbe ni laini.

Hatua

1. Chora nani anaona nini, kwa kalamu na karatasi

Hii ndiyo kazi yenyewe. Mengine yote ni kuandika amri.

Fungua folda ya wote uliyo nayo sasa uitazame kwa jicho kali. Nimeziona nyingi, na zinafanana: "INVOICE MPYA", "INVOICE MPYA (2)", "invoice sahihi tumia hii", pasipoti ya mteja aliyesafirisha gari miaka mitatu iliyopita, karatasi ya mishahara imekaa katikati ya picha za makontena, na folda ya mtu aliyeacha kazi zamani ambayo hakuna anayethubutu kuifuta.

Gawa kwa kazi, siyo kwa majina ya watu. Kwa ofisi ya klaringi, mgawo kama huu hutosha:

- Shehena: BL (hati ya shehena ya meli), orodha za mizigo, entri (fomu za forodha), invoisi za wateja. Makarani wote wanasoma na kuandika.
- Uhasibu: malipo, kodi, mishahara. Mhasibu na mkurugenzi pekee.
- Wateja: nakala za vitambulisho, pasipoti na PIN za KRA. Wachache wanaohitaji kweli.
- Violezo: barua na fomu tupu. Wote wanasoma, mmoja anabadilisha.

Folda ya Wateja ina uzito wake kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ugundue kwamba taarifa za watu zimefikiwa na asiyehusika na zinaweza kuwaletea madhara. Kwa hivyo kila pasipoti ya zamani isiyo na kazi tena, na isiyo na sheria inayokutaka uitunze, ifute leo. Hakuna mwizi wa kuiba kitu ambacho huna.

2. Jua kama laini yako ina anwani ya umma

Ingia kwenye ruta, utafute anwani ya IP (namba ya kifaa mtandaoni) iliyo upande wa WAN, yaani upande wa nje. Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako. Zikifanana, uko sawa.

Zikitofautiana, na ile ya kwenye ruta inaanza na 10, au 192.168, au iko kati ya 100.64 na 100.127, basi kampuni ya intaneti imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hata ufungue poti zote za ruta, mtu wa nje hakufikii. Una njia mbili: uwaombe anwani ya kudumu ya umma, ambayo kwa kawaida hulipiwa, au utumie njia ya chini kwa chini kama Cloudflare Tunnel, ambapo seva yako ndiyo inayopiga simu kwenda nje na kuiacha laini wazi.

Mimi huwashauri watu walipie anwani ya kudumu kama uwezo upo. Njia ya chini kwa chini inafanya kazi vizuri, ila usimbaji unafunguliwa kwa mtoa huduma katikati kabla ya kufika kwako, na kila kitu kinachopita kinapita mikononi mwake. Kwa picha za bidhaa si neno. Kwa pasipoti za wateja, fikiria.

3. Andaa mashine

Sakinisha Ubuntu Server, ukubali OpenSSH inapokuuliza. Kwenye ruta, ifungie mashine hii anwani moja ya ndani isiyobadilika, tuseme 192.168.1.50. Kisha:

`sudo apt update && sudo apt upgrade`

`sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 22 proto tcp`

`sudo ufw allow 80/tcp`

`sudo ufw allow 443/tcp`

`sudo ufw enable`

Mstari wa pili unasema SSH (njia ya kuiamuru seva kutoka kompyuta nyingine) ipatikane ukiwa ndani ya ofisi tu. Kama mtandao wako wa ndani hauanzi na 192.168.1, badilisha kabla ya kubonyeza, la sivyo utajifungia nje mwenyewe.

Ingia kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla mfumo haujawaka) utafute kipengele cha kinachotokea stima ikirudi, ukiweke kiwe kuwaka. Bila hicho, stima ikipotea Jumamosi usiku na UPS ikaisha, mashine italala hadi mtu afike Jumatatu.

Na mahali pa kuiweka: siyo dirishani, siyo sakafuni. Hewa yetu ya pwani ina chumvi. Chomoa kebo ya mtandao iliyokaa miaka miwili karibu na dirisha linalotazama Kilindini, uitazame kwenye meno ya shaba: utaona ukijani. Kebo kama hiyo hukata na kurudi, kukata na kurudi, na utaitafuta kasoro kwenye programu wiki nzima. Chumba chenye AC, juu ya rafu, mlango unaofungwa kwa ufunguo.

4. Sakinisha Nextcloud, na utengeneze msimamizi kabla ya kufungua ruta

`sudo snap install nextcloud`

Ukiwa ofisini, fungua kivinjari uandike http://192.168.1.50. Utaona ukurasa wa kutengeneza akaunti ya msimamizi. Itengeneze hapo hapo. Ukurasa huo haumjui mwenye mashine: yeyote atakayeufikia wa kwanza ndiye anakuwa msimamizi. Watu wanaofungua ruta kwanza halafu waende kunywa chai hucheza na bahati yao.

Akaunti hii isiitwe "admin", na usiitumie kwa kazi za kila siku. Nenosiri lake liwe refu, maneno manne au matano yasiyohusiana. Jina la mtoto na mwaka aliozaliwa siyo nenosiri, ni salamu.

5. Domeni, ruta, cheti

Mahali unaposimamia domeni yako, ongeza rekodi ya A (mstari unaounganisha jina na IP): jina `faili`, ikielekea kwenye IP yako ya umma. Utapata anwani kama faili.kampuniyako.co.ke. Iambie Nextcloud iitambue:

`sudo nextcloud.occ config:system:set trusted_domains 1 --value=faili.kampuniyako.co.ke`

Kwenye ruta, elekeza poti 80 na 443 kwenda 192.168.1.50. Hizo mbili tu. Ukiwa hapo hapo zima UPnP, ambayo huruhusu vifaa vya ndani kujifungulia poti bila kukuuliza, na ubadilishe nenosiri la ruta kama bado ni lile lililoandikwa kwenye stika.

Kisha cheti cha bure cha Let's Encrypt, kinachokithibitishia kivinjari kwamba tovuti ni yako kweli na kuwezesha usimbaji:

`sudo nextcloud.enable-https lets-encrypt`

Itakuuliza barua pepe na domeni. Cheti kinadumu siku 90 na kinajihuisha chenyewe, mradi poti 80 ibaki imeelekezwa. Jibu likiwa kosa, usirudie rudie kwa hasira: ukishindwa mara tano ndani ya saa moja kwa jina moja, watakuzuia kwa muda. Hakikisha kwanza DNS (daftari la majina ya mtandao, ulikoongeza ile rekodi ya A) imeshaenea, na poti 80 inafika.

Kama umechagua njia ya chini kwa chini, usiguse poti za ruta wala amri ya cheti. Cheti kinatolewa na mtoa huduma. Badala yake ongeza:

`sudo nextcloud.occ config:system:set overwriteprotocol --value=https`

`sudo nextcloud.occ config:system:set trusted_proxies 0 --value=127.0.0.1`

Jambo moja ambalo huwashtua wageni: vyeti vyote vipya huandikwa kwenye daftari la wazi ambalo yeyote anaweza kulisoma. Jina lako jipya likishaingia humo, wageni wasioalikwa wataanza kubisha, pengine siku hiyo hiyo. Si kwamba umelengwa, ndivyo mtandao ulivyo. Ndiyo maana hatua ya 7 haina mjadala.

6. Vikundi, folda, watu

Ingia kama msimamizi, sasa kwa https. Katika sehemu ya programu za ziada, washa ile inayoitwa Group folders (matoleo mapya huiita Team folders). Tengeneza vikundi vinavyolingana na karatasi yako ya hatua ya 1, kisha folda, kisha uunganishe.

Kila kikundi kwenye folda kina ruhusa za kuandika, kushiriki na kufuta, kila moja peke yake. Makarani wape kuandika. Kufuta kaa nako wewe na mtu mmoja mwingine. Watalalamika wiki ya kwanza, watazoea ya pili.

Mtu mmoja akaunti moja. Usikubali akaunti ya "ofisi" inayotumiwa na watu sita, hata mzee mwenyewe akisema ni rahisi. Siku invoisi itakapobadilishwa namba ya akaunti ya benki, utataka kujua ni nani, na rekodi itakuambia "ofisi".

Kwenye mipangilio ya kushiriki, lazimisha kila kiungo cha nje kiwe na nenosiri na tarehe ya kuisha. Viungo hivi ndivyo vitakavyomwagwa WhatsApp kwa wateja, na kiungo kisichoisha husambaa kama uvumi wa Mwembe Tayari.

7. Uthibitishaji wa hatua mbili, kwa wote

Washa programu ya TOTP, yaani ya namba za muda zinazotolewa na simu, ndani ya Nextcloud (inaitwa Two-Factor TOTP Provider). Anza na wewe: fungua mipangilio ya usalama, skani ile QR kwa Google Authenticator, Aegis au nyingine yoyote, kisha pakua namba za dharura na uzichapishe. Karatasi hiyo ikae sefuni, siyo kwenye simu ile ile.

Halafu keti na kila mfanyakazi, mmoja mmoja, ofisini, afanye ya kwake mbele yako. Usimtumie maelekezo kwa ujumbe. Wote wakimaliza, lazimisha:

`sudo nextcloud.occ twofactorauth:enforce --on`

Ukiitoa amri hii kabla watu hawajajiandikisha, kesho asubuhi simu yako haitapumzika.

8. Hamisha faili

Usinakili faili moja kwa moja ndani ya folda za mfumo kwenye diski ya seva. Nextcloud ina hifadhidata yake, na faili iliyoingizwa kwa mlango wa nyuma haitaonekana. Weka programu ya Nextcloud ya deskitopu kwenye ile kompyuta ya zamani, uunganishe, na uziache zipande usiku kupitia mtandao wa ndani.

Zikishahamia, ifanye folda ya zamani iwe ya kusoma tu. Hapa ndipo ofisi nyingi huharibu: wanaacha zote mbili zikiandikika, nusu ya watu wanahifadhi huku na nusu kule, na baada ya mwezi hakuna anayejua BL ipi ndiyo ya mwisho. Faili iwe na nyumba moja. Wiki mbili zikipita bila mtu kulia, ifungie ile ya zamani kwenye diski na uizime kabisa.

Kuhusu kufungua ndani ya kivinjari: PDF na picha hufunguka hapo hapo. Kuhariri Word na Excel kunahitaji nyongeza kama Collabora au ONLYOFFICE, ambazo hula RAM. Anza bila hizo. Kazi nyingi za makarani ni kusoma na kupandisha skani.

9. Nakala rudufu

`sudo nextcloud.export`

Amri hii hutoa programu, mipangilio, hifadhidata na faili, ikaziweka ndani ya `/var/snap/nextcloud/common/backups`. Kutoka hapo nakili kwenda diski ya nje, ufute nakala za zamani ili SSD isijae. Diski moja ikae ofisini ikiwa imechomolewa, nyingine iende nyumbani kwa mkurugenzi, na zibadilishane kila Ijumaa. Kwa kuwa diski hizi zinatoka ofisini, zisimbe. Ubuntu ina LUKS kwa kazi hiyo.

Kusawazisha siyo kunakili. Kirusi kikisimba faili kwenye laptopu ya karani, programu ya deskitopu itazipandisha hizo hizo zilizoharibika kwa utiifu wote. Nextcloud hutunza matoleo ya nyuma na ina pipa la taka, navyo vitakusaidia mara nyingi, lakini uhakika wako ni diski iliyochomolewa.

Na jaribu kurudisha. Chukua kompyuta nyingine yoyote, sakinisha upya, tumia `nextcloud.import`, ufungue faili tatu. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa ni tumaini tu.

10. Wafundishe watu, hasa habari ya saiba

Karani aliyekwama bandarini bila laptopu ataingia saiba kuchapisha hati. Usimkataze, maana atafanya tu. Mfundishe: afungue dirisha la faragha, akatae kivinjari kinapotaka kuhifadhi nenosiri, achapishe moja kwa moja kutoka kwenye ukurasa inapowezekana. Akilazimika kupakua, afute faili kwenye Downloads na kwenye pipa la taka, halafu atoke kwa kubonyeza kutoka, siyo kufunga dirisha tu. Kompyuta ya saiba inaweza kuwa na programu inayorekodi vibonyezo, kwa hivyo folda ya Wateja na ya Uhasibu zisifunguliwe hapo kamwe, na nenosiri alilolitumia saiba alibadilishe akifika nyumbani.

Ukiwa na wasiwasi, mipangilio ya usalama ya kila akaunti inaonyesha vifaa vyote vilivyoingia. Unaweza kukiondoa kimoja kimoja.

11. Jaribu kutoka nje

Zima Wi-Fi ya simu, tumia bando, ufungue anwani. Jaribu kuingia kwa nenosiri bila namba ya pili. Ikikubali, rudi hatua ya 7. Mwombe karani aifungue folda ya Uhasibu. Asiione kabisa, hata jina lake.

Makosa ninayoyaona sana

Kuzima masasisho kwa sababu "yanasumbua". Snap, ile njia tuliyosakinishia Nextcloud, hujisasisha yenyewe. Iache, ila ipangie saa za usiku kwa `sudo snap set system refresh.timer=2:00-4:00`.

Kufuta akaunti ya aliyeacha kazi siku anayoondoka. Ukifuta, faili zake binafsi zinaondoka naye. Izime kwanza, hamisha kilicho cha kampuni, ndipo ufute. Kama ana programu ya Nextcloud kwenye laptopu au simu yake, tumia kipengele cha kufuta vifaa kwa mbali kabla ya kuzima. Kinafuta nakala zilizosawazishwa kifaa kinapounganika tena, ila alichokinakili kwenye flashi hukirudishi.

Kumpa mkurugenzi ruhusa ya kila kitu kwa sababu ni mkurugenzi. Simu yake ndiyo inayoibwa kwenye matatu sawa na ya mwingine yeyote. Apewe anachokitumia.

Mambo yakikataa

*Ukurasa unasema unaingia kupitia domeni isiyoaminika.* Amri ya trusted_domains haikuandikwa sawa. Angalia herufi, mara nyingi mtu ameweka https:// ndani yake. Inatakiwa jina tupu.

*Nyumbani inafunguka, ofisini haifunguki.* Ruta nyingi hazijui kumrudisha mtu ndani kupitia anwani ya nje. Kama ruta yako inaruhusu rekodi za DNS za ndani, elekeza jina hilo kwenda 192.168.1.50. Kama hairuhusu, andika mstari huo kwenye faili ya hosts (orodha ya majina iliyo ndani ya kila kompyuta) ya deskitopu za ofisini. Usifanye hivyo kwenye laptopu zinazotoka, maana zitashindwa zikifika nje.

*Ilikuwa inafanya kazi, leo hakuna aliye nje anayeingia.* Linganisha IP ya WAN na rekodi ya DNS. Kama huna anwani ya kudumu, ruta ilizimwa ikawashwa na ikapewa nyingine.

*Namba ya muda kutoka kwenye simu inakataliwa kila mara.* Saa. TOTP hutegemea wakati, na simu iliyowekwa saa kwa mkono ikipishana na seva kwa dakika mbili inatosha kuharibu. Weka saa ya simu iwe ya kujirekebisha, na kwenye seva angalia `timedatectl`.

*Mfanyakazi amepoteza simu.* Mpigie wewe kwa namba unayoijua au umwone ana kwa ana, usikubali ujumbe wa WhatsApp kutoka namba mpya. Kisha `sudo nextcloud.occ twofactorauth:disable jinalake totp`, ondoa vifaa vyake vyote kwenye orodha, na ajiandikishe upya mbele yako.

*Wote wamezuiwa au kuingia kumekuwa polepole ghafla.* Mtu mmoja amekosea nenosiri mara nyingi, na wote wanaonekana kutoka anwani moja. Hutokea sana kwenye njia ya chini kwa chini wakati trusted_proxies haijawekwa. Iweke, kisha `sudo nextcloud.occ security:bruteforce:reset` ikifuatwa na anwani iliyozuiwa.

*Kuingia kunazunguka, unarudishwa ukurasa wa mwanzo.* Kwa wanaotumia njia ya chini kwa chini, ni ule mstari wa overwriteprotocol.

*Kivinjari kinaonya kwamba cheti kimeisha.* Poti 80 imefungwa, mara nyingi na mtu aliyekuja kubadilisha ruta. Ielekeze upya, kisha uirudie amri ya cheti mara moja.

*Inakata na kurudi bila mpango.* Kabla ya kugusa programu, chomoa kebo na uangalie yale meno ya shaba.